Mwongozo kamili: kurekebisha beringi za swingamu kwenye BMW za zamani

Beringi mpya, grisi mpya, fremu imepakwa rangi inang'aa, na bado pikipiki inatikisa mkia ikifika kilomita 90 kwa saa. Au kinyume chake: swingamu (mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma) imekaza kiasi kwamba ukiinua na kuachia inabaki hewani, na baada ya miezi michache unasikia inakwamakwama ukiisogeza kwa mkono. Wanaokwama hapa karibu wote wanakosea mahali pamoja. Wanapima mbano wa beringi vizuri, kisha wanakaza loknati (nati ya kuzuia pini isizunguke), halafu hawarudi kuangalia. Loknati ikikaa, mbano unabadilika. Kipimo cha kweli ni kile kinachobaki baada ya nati hiyo kukazwa, na hatua zote hapa chini zimepangwa kulifikia hilo.

Mwongozo huu ni wa BMW zenye injini ya silinda mbili za kulala na shokapu mbili nyuma, kuanzia mfululizo wa /5 wa mwaka 1969 (R50/5, R60/5, R75/5) mpaka /6, /7 na ndugu zao. R80 G/S ya mwaka 1980 ina shokapu moja na mkono mmoja, lakini egemeo lake la mbele (pale swingamu inaposhikana na fremu) linarekebishwa kwa njia hiyohiyo. Watu huita injini hizi "boxer". Usichanganye na Boxer ya Bajaj iliyoko kijiweni: swingamu ya ile hupita boliti moja ndefu katikati ya bushi, na kazi yake ni kubadilisha bushi na kukaza boliti basi. Fundi aliyezoea bodaboda akikutana na BMW hukaza pini mpaka mwisho kwa mazoea, na beringi zinakufa kabla ya tairi kuisha.

## Unachorekebisha hasa

Kila upande wa swingamu kuna beringi moja ya koni. Kikombe chake (ringi ya nje) kimegongwa ndani ya swingamu. Koni yake (ringi ya ndani yenye rola) inakaa kwenye pua ya pini. Pini ina nyuzi, na inaingia kutoka nje ya fremu kuelekea ndani: moja kushoto, moja kulia. Ukiikaza, inasukuma koni ndani ya kikombe. Juu ya pini, upande wa nje, inafungwa loknati ya mm 27 inayoizuia isizunguke.

Kwa hiyo pini hizi mbili zinafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Zinaamua swingamu ikae kushoto, kulia au katikati ya fremu, na zinaamua rola zibanwe kiasi gani. Ukigusa moja umegusa zote mbili. Ndiyo maana mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko nguvu ya mkono.

## Hakikisha kwanza tatizo ni swingamu

Weka pikipiki kwenye stendi ya kati, tairi la nyuma liwe hewani. Shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta kwa zamu. Likicheza, usiseme bado ni swingamu: beringi za gurudumu nazo hucheza hivyohivyo.

Sasa achana na tairi. Shika swingamu yenyewe karibu na ekseli kwa mkono mmoja, mkono mwingine uweke kidole kwenye upenyo kati ya swingamu na fremu. Sukuma kushoto na kulia. Kidole kikihisi mtikisiko hata mdogo sana, egemeo limelegea. Hapo hakuna kiwango kinachoruhusiwa. Jibu sahihi ni sifuri.

Kukwamakwama hakuonekani mpaka shokapu zitoke. Swingamu huzunguka digrii chache tu maisha yake yote, hivyo rola zinapiga mahali palepale miaka na miaka mpaka zinachimba vishimo kwenye kikombe. Beringi ya namna hiyo hairekebishiki. Ukiibana, inakwama, ukiilegeza, inacheza.

## Vifaa

Kabla hujafungua nati hata moja, kusanya hivi:

- Beringi 2 za koni. Soma namba iliyopigwa kwenye beringi ya zamani, usiende dukani na jina la pikipiki. Ikisoma 30203, vipimo vyake ni mm 17 ndani, mm 40 nje na unene mm 13.25, na maduka makubwa ya beringi huwa nayo.
- Sili 2 mpya za egemeo.
- Mpira wa mkunjo kati ya giaboksi na swingamu, kama wa zamani umepasuka, pamoja na klipu zake mbili.
- Boliti 4 mpya za propela shafti (fimbo inayozunguka ndani ya swingamu na kupeleka nguvu nyuma).
- Grisi ya lithiamu namba 2 ya beringi, isiyoyeyuka kwa maji. Gramu 100 zinatosha na kubaki.
- Oili ya propela shafti na ya difu (kasha la gia kwenye gurudumu la nyuma).
- Soketi ya mm 27 yenye ukuta mwembamba (maelezo yanafuata).
- Seti ya spana za eleni, na spana ya ringi ya mm 10 yenye pembe 12.
- Spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza, kwa Nm) ndogo inayopima Nm 5 mpaka 25, na kubwa inayofika Nm 110.
- Vania kalipa (ya kupimia kipenyo na kina), fila geji (majani membamba ya kupimia upenyo), na vijiti viwili vya kekee vya ukubwa sawa.
- Pula ya beringi ya ndani, au fundi wa kuchomelea aliye karibu.
- Kalamu ya rangi nyeupe, brashi ya waya, mafuta ya taa, matambara safi.

Kuhusu soketi. Loknati imezama ndani ya shimo kwenye fremu, na soketi ya kawaida ya mm 27 haiingii. Pima kipenyo cha shimo kwa vania, kisha ipeleke soketi kwa fundi wa mashine ya leti, yule anayechonga bushi, aipunguze kwa nje mpaka ipite bila kugusa. Chagua soketi nzito ya bei ya wastani; ya chuma laini ikishapunguzwa inapasuka kwenye Nm 100. Ukiwa hapo hapo, mwombe achomelee nati kubwa kwenye kisigino cha soketi, nati yenye tundu. Baadaye utapitisha eleni katikati na kuizuia pini huku spana ikikaza loknati kutoka nje. Kifaa hiki kimoja kinaokoa nusu ya usumbufu.

Kugonga loknati kwa patasi ni kazi ya watu wenye haraka. Inafunguka, ndiyo, lakini nyuzi zilizo kwenye fremu ndizo zinazolipa, na fremu haibadilishwi kama nati.

Kama huna spana ndogo ya toki, tumia mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo. Weka eleni kwenye pini, pima sentimita 20 kutoka katikati ya pini mpaka unapofunga mizani, vuta kwa pembe mraba. Mizani ikisoma kilo 5.1, umefika Nm 10. Ikisoma kilo 10.2, ni Nm 20. Ukivuta kwa mshazari kipimo ni cha uongo.

## Hatua ya 1: Vua sehemu ya nyuma

Funga gurudumu la mbele lisizunguke na weka gogo au jeki chini ya injini. Ukishatoa uzito wa nyuma, pikipiki inaweza kuinamia mbele na kushuka kwenye stendi.

Mwaga oili ya propela na ya difu ingali ya moto kidogo. Toa gurudumu. Fungua fito ya breki. Kama modeli yako ina diski nyuma, kalipa ifungwe kwa waya kwenye fremu. Isining'inie kwa paipu yake.

Vua shokapu zote mbili, kisha vua difu kwa nati zake nne. Wengi huiacha difu mahali pake kwa kuona ni kazi ya ziada. Iondoe. Uzito wake mwishoni mwa swingamu unaifanya ishuke yenyewe hata beringi zikiwa zimebanwa kupita kiasi, na utajidanganya wakati wa kupima.

## Hatua ya 2: Achanisha propela shafti

Legeza klipu za mpira wa mkunjo na uurudishe nyuma uone flanji ya giaboksi. Hapo kuna boliti nne zenye kichwa cha pembe 12. Weka gia ili shafti isizunguke, tumia ringi ya mm 10 iliyokaa barabara. Ikiteleza mara moja, vichwa vinakuwa mviringo na hutakuwa na nafasi ya kuingiza kifaa kingine.

Kagua boliti ulizotoa. Kuna ndefu zilizokuja na washa, na kuna fupi za baadaye zisizo na washa. Usichanganye. Boliti ndefu ikifungwa bila washa inatokeza upande wa pili na kusugua giaboksi. Nunua aina moja, nne kamili.

## Hatua ya 3: Toa swingamu

Ng'oa vifuniko vya plastiki pembeni. Kabla ya kufungua chochote, pima upenyo kati ya swingamu na fremu kushoto na kulia, uandike. Huenda haukuwa sawa tangu mwanzo, lakini ni vizuri kujua pikipiki ilikuwa inatembea vipi.

Fungua loknati, kisha pini kwa eleni. Weka alama pini ya kushoto na ya kulia. Swingamu inatoka kwa kuvutwa nyuma ikiwa na shafti ndani.

Hapo hapo ikunje krosi ya propela (kiungo kinachoiwezesha shafti kujikunja) pande zote kwa mkono. Ikikwama katikati au ikicheza, shughulikia sasa. Kuirudisha na kuifungua tena mwezi ujao ni kazi yote hii mara mbili.

## Hatua ya 4: Toa vikombe vya zamani

Toa sili, bushi ya kusukumia na koni, ukizipanga mezani kwa mpangilio zilivyotoka. Osha kwa mafuta ya taa. Angalia kikombe kwenye mwanga wa jua, siyo wa taa: ukiona mistari myeupe iliyo sambamba kama meno ya kitana, ndivyo vile vishimo vya rola. Badilisha pande zote mbili hata kama mmoja unaonekana mzima.

Kabla kikombe hakijatoka, pima kwa vania kina kutoka ukingo wa swingamu mpaka uso wa kikombe. Andika. Namba hii ndiyo itakayokuambia kama kikombe kipya kimekaa mpaka mwisho.

Pula ya beringi ya ndani ikipata pa kushika, kazi imeisha. Ikishindwa, fundi wa kuchomelea apitishe mstari mwembamba wa welding kuzunguka uso wa ndani wa kikombe. Chuma kikipoa kinajikunja, na kikombe kinadondoka chenyewe au kwa kugongwa kidogo. Mambo mawili ya kuangalia: swingamu ioshwe oili yote ndani na ikauke kabisa kabla ya moto, na mstari uguse kikombe tu. Tone moja likishikana na swingamu umeunganisha vitu viwili ulivyotaka kuvitenganisha.

Nyuma ya kikombe kuna kisahani cha kuzuia grisi isikimbilie ndani. Kikiwa kimekunjika, kibadilishe.

## Hatua ya 5: Safisha fremu na pini

Kama fremu imepakwa rangi ya unga na kuokwa, hapa ndipo balaa linapoanzia. Rangi hiyo ni nene. Ikibaki chini ya loknati, inasagika taratibu kwa mtikisiko, nati inapoteza mkazo, na pini inaanza kuzunguka yenyewe.

Kwangua rangi mpaka chuma sehemu mbili: pale loknati inapokalia, na uso wa ndani wa fremu utakapopimia upenyo. Nyuzi zisafishwe kwa brashi ya waya na mafuta ya taa. Pini iingie kwa vidole mpaka karibu na mwisho. Ikigoma, tafuta uchafu. Usiilazimishe kwa spana.

Pitisha ukucha kwenye pua ya pini, pale koni inapokaa. Ukihisi ngazi, hiyo pini imekwisha: koni haitasogea sawasawa, na toki utakayoisoma itakuwa ya msuguano, si ya mbano.

## Hatua ya 6: Ingiza vikombe vipya

Weka vikombe kwenye friza usiku mmoja, na swingamu iache juani au ipashe kwa hita ya hewa. Chukua kikombe cha zamani, kisage kidogo kwa nje na ukikate mpasuo mmoja ili kisinase, kisha kitumie kusukumia kipya.

Gonga kwa kuzunguka, na usikilize. Mwanzoni mlio ni mzito, kama kugonga gogo. Kikombe kikigusa mwisho mlio unabadilika ghafla, unakuwa mkali na nyundo inaruka mkononi. Acha hapo. Pima kina kwa vania ulinganishe na namba uliyoandika. Kikombe kilichobaki nje kwa sehemu ndogo tu ya milimita kitajisogeza chenyewe baada ya mashimo machache ya barabarani, na mbano wako wote utapotea.

## Hatua ya 7: Grisi

Weka grisi kiganjani, sukuma ukingo mpana wa koni ndani yake mpaka grisi itokeze juu kati ya rola. Zungusha, rudia mpaka koni yote ijae. Kupaka kwa nje tu hakufikishi kitu kwenye rola. Kiasi cha kijiko cha chai kinatosha beringi moja, ongeza kidogo nyuma yake.

Weka koni, bushi, kisha sili ikiwa na grisi kwenye mdomo wake. Usichanganye grisi mpya na ya zamani ya aina nyingine. Baadhi zikikutana zinakuwa majimaji na kuvuja.

## Hatua ya 8: Rudisha swingamu na uiweke katikati

Ingiza swingamu kutoka nyuma, shafti ikiwa ndani. Mpira wa mkunjo uvishe kwenye swingamu lakini usiufunge bado upande wa giaboksi, na shafti usiifunge. Chochote kinachoishika swingamu sasa hivi kitaharibu hisia ya mkono wako baadaye.

Ingiza pini zote kwa vidole mpaka ziguse bushi. Zikaze kwa zamu, kidogo kidogo, mpaka mchezo uishe na toki ndogo isome karibu Nm 10.

Sasa pima upenyo kati ya swingamu na fremu pande zote mbili, mahali palepale kwa kila upande. Kijiti cha kekee kinachopita kwa kubana kidogo upande mmoja kinapaswa kupita hivyohivyo upande wa pili. Tofauti ndogo izibwe kwa majani ya fila geji.

Tuseme kushoto umepata mm 4.6 na kulia mm 5.0. Swingamu imeegemea kushoto kwa nusu ya tofauti, yaani mm 0.2. Legeza pini ya kulia kidogo, kaza ya kushoto kwa kiasi hichohicho: ya kushoto inasukuma swingamu kwenda kulia. Pima tena. Lenga tofauti isiyozidi mm 0.1.

Usiipuuze hatua hii kwa kuwa pikipiki "inatembea tu". Swingamu iliyoegemea upande mmoja inavuta gurudumu la nyuma litoke kwenye mstari wa la mbele, na kwenye pikipiki hizi nafasi kati ya tairi na mkono wa propela ni finyu. Tairi pana kidogo likipata swingamu iliyosogea litasugua chuma.

## Hatua ya 9: Funga upande wa kushoto kwanza

Kata shauri kwamba kushoto ndiko nanga, kulia ndiko kwa kurekebishia. Ukizikaza mbili kwa pamoja hutajua ipi imekutoka.

Chora mstari mweupe kwenye uso wa pini ya kushoto na uuendeleze kwenye fremu. Ingiza loknati kwa vidole. Pitisha eleni katikati ya soketi uliyochongesha, izuie pini, kaza nati mpaka ishike. Kisha malizia kwa spana kubwa ya toki: Nm 50 kwanza, halafu Nm 100.

Ondoa soketi, angalia mstari. Pini haikuzunguka? Pima upenyo tena. Bado uko sawa pande zote? Endelea. La sivyo rudi hatua ya 8. Ni dakika tano.

## Hatua ya 10: Mbano wa upande wa kulia

Kaza pini ya kulia mpaka Nm 20. Hiki si kipimo cha mwisho, ni cha kukalisha rola. Inua na kushusha swingamu mara kumi hivi, kwa mwendo wote inaoweza. Soma toki tena: mara nyingi itakuwa imeshuka, kwa kuwa rola zimepata makao. Rudisha Nm 20, zungusha tena mpaka isishuke.

Legeza pini nusu mzunguko. Ikaze upya mpaka Nm 10, ukifika kwa mwendo mmoja wa taratibu bila kusimama njiani. Ukisimama na kuanza tena, spana inasoma msuguano wa kuanza kusogea.

Chora mstari mweupe. Weka loknati, zuia pini kwa eleni, kaza mpaka ishike, kisha Nm 50, kisha Nm 100.

Sasa yanatokea mambo mawili yanayovutana. Loknati ikikaza, inaivuta pini kuelekea nje kwa ule uwazi mdogo ulio kwenye nyuzi, na mbano unapungua. Wakati huohuo msuguano wa nati unataka kuizungusha pini iingie ndani, na mbano unaongezeka. Ipi imeshinda? Toki ya nati haiwezi kukuambia. Mkono wako ndio unaojua.

## Hatua ya 11: Kipimo cha mkono

Swingamu iko tupu: hakuna shokapu, difu, wala shafti iliyofungwa.

Iinue iwe mlalo, iachie. Inapaswa kushuka yenyewe, kwa utulivu, kama mlango mzito wenye bawaba zilizopakwa mafuta. Ikidondoka kwa kishindo na kudunda, angalia mchezo. Ikibaki hewani, mbano umezidi.

Shika mwisho wake, sukuma kushoto na kulia kwa nguvu huku kidole kingine kikiwa kwenye upenyo wa fremu. Hakuna kitu kinachopaswa kusikika wala kuhisiwa.

Mwisho izungushe polepole sana, macho ukiwa umeyafumba kama inasaidia. Unatafuta kukwama kudogo katikati ya mwendo. Kwenye beringi mpya kukwama kunamaanisha kikombe kimekaa upande au kuna chembe ya chuma ndani, na dawa ni kufungua.

Ukikuta mchezo, legeza loknati ya kulia, ongeza pini kwa digrii chache tu za mzunguko, funga upya, pima upya. Kurudia mara mbili au tatu ni kawaida. Atakayekuambia alipata mara ya kwanza huenda hakupima.

## Hatua ya 12: Kuunganisha

Safisha nyuzi za flanji zisiwe na oili, boliti mpya nne zipate tone la gundi ya nyuzi, zikaze kwa msalaba mpaka Nm 40. Soketi haiingii pale. Tumia kiungio cha ringi kilichofungwa pembe mraba na spana ya toki, ndipo kipimo kisibadilike.

Mpira wa mkunjo usijisokote. Paka ukingo wake maji ya sabuni ili ukae, na vichwa vya skrubu za klipu uvielekeze mahali bisibisi itafika baadaye. Rudisha difu, shokapu, gurudumu na breki.

Halafu oili. Kwenye swingamu ya shokapu mbili propela huchukua kiasi cha mililita 100 mpaka 150 kulingana na modeli. Fuata kitabu cha pikipiki yako, na difu nayo ina kipimo chake. Funga kibandiko kwenye usukani kinachosema PROPELA HAINA OILI tangu unapoimwaga mpaka unapoijaza. Inaonekana kama utoto, lakini hii ndiyo hatua inayosahaulika kuliko zote, na krosi kavu haidumu.

## Ikienda vibaya

Mkia bado unayumba, lakini swingamu haina mchezo. Angalia beringi za gurudumu, shokapu zilizochoka upande mmoja, upepo wa tairi, halafu beringi za usukani. Kubana swingamu zaidi hakutasaidia.

Mchezo umerudi baada ya kilomita mia chache. Kikombe hakikukaa mpaka mwisho, au kuna rangi chini ya loknati. Ukiongeza mbano bila kutafuta chanzo utarudi tena.

Upenyo hauwi sawa hata pini moja ikifika mwisho. Kagua kina cha vikombe kwanza. Vikiwa sawa, huenda fremu au swingamu imepinda kwa ajali, na inahitaji kupimwa kwenye jigi (meza maalumu ya kupimia unyoofu).

Grisi inatoka pembeni. Kidogo siku za mwanzo ni ya ziada tu. Ikiendelea, sili imegeuzwa au mdomo wake umekatwa na ukingo wa bushi.

Oili inadondoka chini ya mpira wa mkunjo. Legeza klipu, sukuma mpira mpaka uingie kwenye mfereji wake, funga tena. Kukaza klipu zaidi juu ya mpira uliokaa vibaya huukata.

Baada ya kilomita 500 rudia kipimo cha kidole kwenye upenyo, shokapu zikiwa zimefunguliwa chini tu. Ukikuta mchezo, legeza loknati ya kulia na uanzie hatua ya 10. Ya kushoto usiiguse.